Mwanamke Hii

Marehemu mjomba wangu alikuwa na nishani tano, na kila anayejua kwamba napenda kuandika huniambia nianze na hizo. Nimejaribu. Nilianza na nishani, nikafuta. Nikaanza na siku aliyozaliwa, ambayo hakuna aijuaye, nikafuta. Nikaanza na vita, nikajiona naandika habari za vita ambavyo sikuviona. Mimi ni mtu wa kufuta. Uwanja nikiufagia naurudia, na barua zangu huchelewa kufika kwa sababu kuna herufi moja naiona imelala vibaya. Basi leo naanza na neno moja alilolisema vibaya, maana hilo nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na kwa ajili yake nusura akose mke.

Mjomba aliondoka kwetu Mbwawa akiwa kijana, kabla ya vita, amebeba machungwa ya kuuza Dar es Salaam. Huko akaona askari wanapita na tarumbeta zao, kofia ndefu vichwani, shingo hazigeuki. Machungwa aliyauza, akajiandikisha jeshini, nyumbani hakurudi. "Kofia ndiyo iliyomchukua," mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa akisema. "Mfalme wa Waingereza alikuja baadaye." Alipanda milima ya Uhabeshi, ambako baridi iliwagonganisha meno hata maofisa. Alipelekwa Bukini, yaani Madagaska, kwa meli, akatapika njia nzima. Kisha Burma, sasa akiwa sajini, kwenye mvua, tope na nyumbu wa mizigo, na huko ndiko alikopata nishani kubwa kuliko zote. Alibaki peke yake kilimani na bombomu lake, bunduki ya kumimina risasi, wakati wenzake wanawashusha majeruhi, adui akashindwa kupanda. Ukimuuliza ilikuwaje, alikuwa akikujibu hivi: "Mimi nataka kimbia. Mguu nakataa. Mguu nalala ganzi."

Ndivyo alivyosema. Jeshini walikuwamo Wayao, Wakamba, Wanyasa, Waganda na Wazungu wao, na wote walielewana kwa Kiswahili kilichonyolewa nywele zote. Mtu alikuwa "hii", mbuzi "hii", mvua "hii", watoto "yangu". Mjomba aliondoka na Kiswahili cha nyumbani, akakaa kambini miaka mingi, akarudi na hicho kilichonyolewa.

"Kaka," mama alimwambia siku ya kwanza, "nishani umezileta. Ulimi umeuacha wapi?"

"Ulimi nachoka, dada. Natembea mbali."

Siku ya kuvishwa ile nishani kubwa, tulikwenda naye Kisarawe, bomani. Bwana DC alimbandika kifuani, watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, mama akiwazidi wote. Mjomba alisimama kama mlingoti. Watu walipoanza kutawanyika, akapita mwanamke mwenye mikeka kichwani, mjane wa kijiji cha Marui, msusi wa mikeka anayejulikana, anacheka na wenzake. Mjomba akamwelekezea kidole, akauliza kwa ile sauti ya kuvuka bonde:

"Mwanamke hii ya nani?"

Kwa bahati mbaya, aliyekuwa amesimama ubavuni pake alikuwa kaka yake yule mwanamke, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu aliyesahihisha hata salamu.

"Hii?" akasema mwalimu. "Hii? Dada yangu ni debe la mafuta ya taa?"

"Hapana debe, mzee," mjomba akamjibu kwa heshima zote. "Mwanamke."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu hakucheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwani ndivyo nilivyo: kosa la mtu mwingine hunitoa jasho kana kwamba nimelifanya mimi.

Mjomba hakuwa anatania. Mke wake wa kwanza, aliyemwacha Mbwawa siku ya machungwa, alifariki wakati yeye yuko vitani, na tangu arudi hakuwahi kumtazama mwanamke yeyote hadi siku ile. Alimtuma mshenga Marui, jirani yetu mmoja mtu mzima, naye akarudi na jibu amelishika kama yai. Mjane amenyamaza, na kunyamaza kwake watu wake wanakujua, si kukataa. Lakini kaka ameweka sharti. Sajini aje mwenyewe, aseme haja yake mbele ya wazee kwa kinywa chake. Akimwita tena dada yake kwa jina la kitu, zawadi zake zote zitamfuata njiani.

Jioni ile nilimwona mjomba akiogopa. Mtu aliyebaki peke yake na bombomu alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akashika kichwa.

"Mtoto ya dada," akaniambia, "wewe najua kitabu. Fundisha mimi."

Niseme ukweli kuhusu hicho kitabu. Mimi msichana, shule sikwenda. Kaka yangu ndiye aliyekwenda, na mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimekaa upande wa pili wa taa yake, hata leo naweza kusoma herufi zikiwa zimepinduka. Kitabu cha sarufi nilikipata kwenye duka la Mhindi, ambako kurasa zake zilikuwa zinafungiwa bizari. Nilimsihi mwenye duka anipe kilichobaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha, na ndizo zilizokuwa na ngeli ya watu. Kwa hiyo mambo ya viti na miti niliyajua kwa ushahidi, lakini habari za binadamu ilinibidi nizifundishe kutoka kichwani, nikiwa na wasiwasi usiku na mchana kwamba huenda kuna kitu kwenye zile kurasa sikijui.

Akikaa, alisinzia. Nikagundua kwamba anajifunza akisimama tu.

"Mtu!"

"Huyu!"

"Watu!"

"Hawa!"

"Kiti!"

"Hiki!"

Kila jibu alipiga mguu chini. Kuku walihama uwanja. Jirani alikuja kumuuliza mama kama vita vimerudi.

Nilikuwa mkali kupita kiasi, na hili naliona haya kuliandika. Akinisimulia jambo, mimi nilikuwa nawinda makosa. Siku moja alikuwa ananieleza jinsi nyumbu wao walivyozama topeni kule Burma, na mizigo migongoni.

"Nyumbu ile napotea yote," akasema.

"Wale, mjomba. Walipotea wote."

Akanitazama. "Walipotea wote," akarudia taratibu, kama mtu anayeipata habari hiyo kwa mara ya kwanza. Kisha akaomba tupumzike.

Hotuba ya posa niliitunga mimi. Niliipanga, nikaipangua, nikabadilisha neno moja mara nyingi hata mama akatishia kunificha kalamu. Mjomba aliishika yote moyoni, kila irabu mahali pake. Asubuhi ya safari nilimnyooshea nishani kifuani kwa ufito ili zikae mstari mmoja, akasema mkaguzi wa aina yangu hata Uingereza haikumleta.

Tulifika Marui tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Wanaume walibaki barazani na wazee wa pale. Mama na mimi tulikaribishwa ndani, na nikajikuta nimekaa bega kwa bega na mjane mwenyewe, nyuma ya pazia la kanga, yeye anasuka ukili wa mkeka wake kana kwamba wageni wamekuja kwa ajili ya mtu mwingine.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye afande aliyemfundisha?"

Tayari jasho lilikuwa linanitoka.

Nje, mshenga alimaliza yake, kisha tukasikia mjomba anasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mtu wa Mbwawa, mtoto wa watu mnaowajua. Nimekuja mbele yenu kwa adabu na unyenyekevu kumposa dada yenu huyu, nikiomba mnipokee kama mnavyowapokea vijana wenu hawa."

Hapakuwa na kosa hata moja. Niliibana kanga yangu kwa furaha. Nilikuwa karibu kulia.

Mjane akanisogelea sikioni. "Mbona anasema kama anasoma tangazo la mbwa waliopotea?"

"Ni sahihi kabisa," nikamnong'oneza.

"Sijasema si sahihi."

Barazani, mwalimu alikohoa. "Vema, Sajini. Umesema vizuri. Sasa niambie, nini kilikufanya umtake dada yangu? Ulimwona mara moja tu, juani, na mikeka kichwani."

Swali hilo halikuwa kwenye hotuba. Hakuna nilipolitayarisha, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa kuwa nilitayarisha maneno nikasahau kwamba watu huuliza.

"Nilimwona," mjomba akaanza, "nilimwona Kisarawe. Siku ya nishani. Mwanamke..." Nyuma ya pazia mimi nilikuwa natamka bila sauti, huyu, huyu, huyu, kama mtu anayepuliza moto ulio mbali. "Mwanamke... mwanamke hii..."

"Mmesikia?" mwalimu akawaambia wenzake. "Hii. Imerudi."

Kigoda kilisogezwa. Nilidhani wanainuka. Kisha nikasikia visigino vya mjomba vinagongana, mguu sawa.

"Mzee," akasema, "mimi naomba ruhusa, nasema kwa kinywa yangu. Maneno hii ya mtoto nazuri, lakini nakwisha."

"Sema," mzee mmoja akajibu, na mwalimu hakumpinga.

"Kule Burma, mimi sajini. Asubuhi, giza bado, mimi napita kwa mashimo, natafuta watu yangu. Sura haionekani. Nagusa bega, nauliza, hii iko? Yeye najibu, iko. Moyo nafurahi. Nakwenda kwa nyingine. Hii iko? Iko. Siku nyingine nagusa bega, hapana jibu. Basi mtu ile, hapana hii tena. Tunasema ile." Akapumua. "Mimi narudi Mbwawa, mke yangu ya kwanza, nakuta ile. Hapana mtu nambia njiani. Siku ya nishani, Bwana DC nafunga chuma hapa, watu napiga kofi, mimi moyo kimya tu. Halafu naona mwanamke nacheka. Mikeka kichwani, jua kali, yeye nacheka. Mimi nasema hii. Hapana dharau, mzee. Hii maana yake iko. Iko mzima, na mimi naona."

Mama, ambaye hakuwahi kuambiwa habari hizo na kaka yake, alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti. Mimi nilikuwa na hamu ya kulisahihisha kila neno, na sikuweza kuona ni wapi ningeanza.

Mikono ya mjane ilikuwa imesimama kwenye ukili. Kisha akainua uso kulielekea pazia, akasema kwa sauti ya mtu anayeitikia jina lake:

"Iko!"

Wazee waliangua kicheko. Mmoja akapiga paja lake.

"Wewe nyamaza," mwalimu akasema. "Hujaulizwa."

"Nimeulizwa, kaka. Hukusikia? Ameuliza kama hii iko. Nimejibu iko."

"Mambo ya posa hayajibiwi kutoka jikoni!"

"Basi na mimi nina sharti," mjane akaendelea, kama hakusikia. "Kwangu mimi, 'hii' nitakuwa mimi peke yangu. Mbuzi na kuku na majirani awaite inavyopasa. Nisikie siku moja amemwita mbuzi 'hii', atalala bandani naye."

"Ndiyo, afande!" mjomba akajibu, na mguu wake ukapiga chini hata kanga ya pazia ikatikisika.

Nilimchungulia mwalimu kupitia pembe ya pazia. Alikuwa anaziangalia nishani za mjomba moja moja, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuziangalia. Kisha akaita niletwe.

Nilitoka. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ile hotuba ya kwanza umeitunga wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma, mwalimu. Nimejisomea."

Alitikisa kichwa juu chini. "Haikuwa na kosa hata moja," akasema. "Na sikuiamini hata neno moja. Haya, nenda ukasaidie kupakua. Shemeji yangu huyu ametoka mbali, na nina hakika ana njaa."

Alisema "huyu" kwa kulivuta kidogo, akimtazama mjomba, na mjomba akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nikarudi ndani kupakua wali. Masikio yangu yalikuwa bado barazani, na mchuzi wa kuku nikaumwaga karibu wote juu ya mkeka mpya, uliokuwa umetandikwa kwa ajili ya wageni. Nilianza kuomba radhi, nikaomba tena, nikatafuta kitambaa, nikaomba tena. Mjane aliuangalia mkeka wake, akaniangalia mimi, akauweka ukili pembeni.

"Basi, mwanangu," akasema. "Huo nao sasa ni ile. Lete mwingine."