Walivyotutoa Kwenye Kota za Pamba

Nilizaliwa kwenye kota za kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Issenye. Zilikuwa nyumba za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta chini ya paa moja refu la bati, na mbele yake mstari mwingine kama huo, katikati uwanja wenye bomba la maji. Wenye kiwanda wa zamani walizipanga hivyo ili wafanyakazi wakae kama kijiji. Jirani akikohoa, tulimsikia. Uchungu wa kumzaa mdogo wangu ulipomshika mama, aligonga ukuta tu, jirani akaja mbio.

Baba alifariki, kiwanda kikafungwa, mama na wajane wenzake wakabaki. Paa likivuja walipanda wenyewe kuziba kwa lami. Kama nyumba zile zimesimama hadi leo, ni kwa mikono yao.

Kisha akaja mwekezaji. Aliitisha mkutano uwanjani, akasema nyumba hizi zina historia, watalii waendao mbugani watapenda kuziona. Akawaomba wenyeji wapishe ukarabati, ukiisha watarudi. Mama alimwamini, maana alimwamkia kwa heshima. Nikamchukua na vyombo vichache, tukapanda basi hadi kwangu Nyamisangura, mjini Tarime.

Ukarabati uliisha, hakuna aliyeitwa. Mama akasema twende tukaangalie. Tulikuta geti na mlinzi, kuta zimepakwa rangi, maua yamepandwa palipokuwa na majiko yetu. Juu ya mlango wetu kulikuwa na kibao: "Nyumba ya Mfanyakazi." Ndani waliweka kitanda cha kamba, taa ya chemli, na kwenye kona jiwe la mama la kusagia ulezi, limezungushiwa utepe watu wasiliguse.

Mwenye jiwe amefukuzwa, jiwe limebaki kuonyeshwa! Kijana aliyewaongoza wageni alikuwa anaeleza jinsi wafanyakazi walivyoishi, utadhani wote tumeshakufa.

Mama akauvuka utepe, akainama kuliinua.

"Mama, hicho ni kifaa cha maonyesho," mlinzi akamwambia.

"Ni jiwe langu. Nililiacha kwa sababu mliniambia nitarudi."

Mlinzi akanigeukia mimi, akitegemea nimtulize mama. Nikashika upande wa pili wa jiwe. Tukatoka nalo, wageni wakitupiga picha.

Baadaye wajane walikwenda kwa mtendaji wa kata. Akawaeleza kwa upole kwamba nyumba zile hazikuwahi kuwa zao. Mama akamjibu kuwa hilo wanalijua, wao wanauliza ahadi imekwenda wapi. Akasema ahadi ya mdomo hawezi kuisimamia, akawaaga.

Sasa wametawanyika kwa watoto na wakwe zao. Mama hataki tena kuongelea habari za kule. Mimi naziongea kila ninapopata mtu wa kunisikiliza, na hasira yangu haijapungua.