Aliyenishikia Kamba

Mwaka ule vijana wa kwetu walipochukuliwa kwenda vita vya Kagera, nilikuwa na miaka kumi na minne, na baba yangu akafa. Baba zangu wadogo wakagawana ng'ombe nikiwa nimesimama pale pale zizini, hakuna aliyeniuliza hata nitakula nini. Darasa la nne likawa limenitosha. Nikatoka Mugango kwa miguu mpaka Musoma, nikaomba kazi kwenye genge la kukata miti ya kando ya barabara. Msinionee huruma. Nawaambia tu nilipoanzia.

Siku ya kwanza Nyapara, yaani msimamizi wa genge, alinipa mpini mmoja wa msumeno wa watu wawili. Nikausukuma kwa nguvu zangu zote. Akanichapa kibao cha kisogo.

"Wewe wa Mugango, nani kakwambia usukume? Msumeno unavutwa! Ukishavuta, unamwachia mwenzio naye avute."

"Sasa wakati yeye anavuta mimi nafanya nini?"

"Unapumzika, mjinga. Ndiyo raha pekee utakayoiona hapa."

Alisema kweli.

Kwake nilijifunza kuangusha. Mti mnene haukatwi tu kama muwa. Kwanza unachonga mdomo, ni pengo upande ule unaotaka mti ulalie. Halafu unazunguka nyuma, unakata juu kidogo ya usawa wa mdomo, na hukati mpaka mwisho. Unabakiza utepe wa mbao katikati. Tunauitaga bawaba, maana mti unageukia pale kama mlango. Ukiikata bawaba yote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Mwenzangu mmoja aliikata yote, nikawa mmoja wa waliochimba kaburi lake.

Baadaye nikapelekwa Butiama, chini ya Bwana Miti wa huko, mtu mpole, viatu vinang'aa hata kwenye matope. Huyo ndiye aliyenionyesha kwamba mti unaweza kutibiwa ukaishi. Tawi bovu unaanza kulikata kidogo kwa chini, ndipo unamalizia kwa juu, gome lisichanike mpaka kwenye shina. Na tawi lililo juu ya bati la mtu haliachwi lianguke. Unalifunga kamba, kamba inapita kwenye panda ya juu, inashuka, inazungushwa kwenye shina, na mtu wa chini anailegeza taratibu mpaka tawi liguse ardhi.

"Wewe wa juu una msumeno tu," Bwana Miti aliniambia. "Roho za watu anazo mshika kamba."

Genge lilipovunjwa nikarudi Musoma, nikafungua kazi yangu mwenyewe pale Mukendo. Nilikuwa na msumeno wa mnyororo, ule wa petroli, na mshipi wa kupandia. Mshika kamba ndiye alinishinda. Wa kwanza aliona tawi linakuja, akaachia, akakimbia. Wa pili alikuwa mlevi. Wa tatu alikimbia kuliko wa kwanza. Mwanadamu akiona kitu kizito kinashuka, mikono inafunguka yenyewe.

Mke wangu, Mama Magesa, alikuwa amekuja kuniletea uji. Akaniangalia nikimtukana yule wa tatu, akaweka chupa ya uji chini.

"Baba Magesa, nipe hiyo kamba."

"Wewe?"

"Kwetu nimevuta kokoro na kaka zangu tangu sijaota meno ya ukubwani. Ziwa linavuta huku, sisi huku. Unafikiri niliwahi kuachia?"

Kokoro ni wavu mrefu wa kuvutwa kutoka ufukweni, na kweli, mikono yake ilikuwa migumu kuliko yangu. Nikampa. Hakuachia siku ile, wala miaka yote iliyofuata.

Mashine ikinguruma husikii mtu, kwa hiyo tulisemezana kwa kamba. Mvuto mmoja, shusha. Miwili, shikilia. Na yeye lazima ajibu vilevile, nijue amesikia. Asipojibu, sifanyi kitu. Tulianza kazi alfajiri, tukamaliza kabla upepo wa ziwa haujaamka.

Kazi ikiisha alinishusha na mimi kwa kamba hiyo hiyo, watu wakacheka sana. "Mzee anateremshwa na mkewe kama ndoo kisimani!" Mama Magesa aliwajibu bila kugeuza shingo: "Wako ukimteremsha atapasuka, amejaa pombe." Kwa kazi hiyo tulijenga, tukasomesha. Sikusaidiwa na mtu.

Halafu ikaja siku ya Kabasa, kule Bunda. Mgrivelia ulikuwa umelalia nyumba, na ndani mlikuwa na mzazi, amejifungua juzi, hawezi kutolewa nje. Nikalifunga tawi kubwa, nikalikata, likaning'inia juu ya bati. Nikazima mashine. Nikavuta mara moja. Kimya. Nikavuta tena.

"Mama Magesa! Umelala? Au umepata bwana huko chini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikainama kutazama. Alikuwa ameketi chini, ameegemea shina, mdomo umekwenda upande. Kamba alikuwa ameiongezea mizunguko kwenye shina, na ncha yake ameikalia, ameishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tu kwenye majani. Tawi halikushuka hata kidogo.

Kiharusi kilimkuta kazini. Wanaume wawili walivifungua vidole vyake kimoja kimoja ndipo wakalishusha lile tawi. Mtoto wa mle ndani hata usingizini hakushtuka.

Nilijaribu na washika kamba wengine. Mara ya mwisho ilikuwa jakaranda hapa mjini. Nilipanda, nikavuta mara moja, nikajibiwa vizuri kabisa. Lakini haukuwa mkono wake. Nilishuka bila kukata hata kijiti, mwenye nyumba anatazama.

Mwanangu Magesa anaishi Mwanza, anasema, "Mzee, hiyo kazi ni kaburi." Vijana wa sasa wanapanda na ndala, wanakata mti kichwa. Mti unachipua machipukizi dhaifu, upepo wa ziwa unayashusha kwenye mabati. Nimewaambia. Wananiitikia "sawa babu", wanaendelea. Nilichokijua kitaisha na mimi, na sioni atakayekitafuta.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Mukendo, bati limeshika kutu. Nina kabari za chuma, za kusukumia mti uegemee unakotaka. Nina mashine, haiwaki. Nina mshipi wa kupandia, panya wameula. Nina mke, haongei. Nina kamba ile ile, upande mmoja nimeufunga kwenye mkono wake wa kushoto pale kitandani, upande wa pili kwenye kiti changu barazani. Mwanzoni alikuwa akivuta mara moja nimpelekee maji, mara mbili niende nikae naye. Tangu masika iishe havuti. Mimi ndiye navuta, mara moja, halafu nangoja.