Kitabu Chini ya Taipureta

Nianze na aibu yangu mwenyewe, nisije nikaonekana nasimulia ya watu huku ya kwangu nimeyafunika. Mimi ni Ubaldina Plascencia, karani wa parokia ya Santa Rita, mwaka wa thelathini na moja sasa. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko viko kwenye kabati langu, ufunguo uko shingoni pamoja na medali ya Bikira, na hakuna anayegusa ukurasa kabla hajanawa mikono. Watu hutoka hadi ng'ambo ya mpaka, na kofia zao mpya, kuja kuniuliza babu wa babu yao alikuwa nani. Nawapa. Mara nyingine nawapa hata wasiyemtaka. Lakini Tránsito Mercado nilimwambia mara mbili kwamba mama yake hayumo vitabuni, na mara zote mbili huyo mama alikuwa mbele ya pua yangu.

Hapa mjini hakuna asiyemjua Tránsito. Jumanne na Ijumaa anapita na ndoo mbili, moja ya jibini, moja ya maziwa mgando, kajifunga aproni iliyotariziwa kuku. Ni mjane. Wanawe watatu wako kaskazini, ng'ambo ya mpaka, wanaezeka mapaa ya watu, na kila Krismasi wanambembeleza aende akaishi nao. Hataki. Anasema jibini la kule lina ladha ya mshumaa. Ukimuuliza hali, anakujibu, "Nipo, naharibika polepole," kisha anacheka kabla yako. Kila akimaliza mzunguko wake alikuwa anapitia ofisini kwangu kunywa kahawa na kuusema vibaya mwandiko wangu. Hajui kununa yule. Kulikuwa na jambo moja tu la kumfuta tabasamu, nalo ni mama yake.

Mama yake, Refugio Barragán, alikufa mwaka tisini na sita, akazikwa kule ukutani kwa wasio na kaburi la ukoo. Na ukoo anao! Kaburi la kina Barragán liko pale pale langoni, na minyororo yake na msalaba wa chuma. Ila kwenye ukoo huo ilikuwa inasemwa kwamba Refugio ni mtoto wa kuokotwa. Bibi yake Tránsito, Petra Ornelas, na mumewe Crescencio Barragán walikuwa na binti aliyeitwa Refugio, akafa mwaka ishirini na tano akiwa na miezi minane. Jina lake liko kwenye jiwe. Mwaka uliofuata serikali ikagombana na Kanisa, makanisa yakafungwa, vita vikaingia mashambani, na Petra akapotelea huko miaka miwili. Aliporudi mjini alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo naye anaitwa Refugio. Crescencio hakurudi kutoka milimani. Petra naye akafa binti akiwa na miaka tisa. Akabaki nani wa kusema? Akabaki Hermelinda Padilla, mke wa ndugu yake Crescencio, naye akasema anavyotaka. Wao mtoto wao alikufa, alisema, huyu wamemwokota njiani wakambandika jina la marehemu.

Jina la mtoto aliyekufa kumpa anayemfuata ni jambo la kawaida kwetu. Baba yangu mwenyewe alikuwa Eusebio wa tatu, wawili walishamtangulia kaburini. Lakini hilo halithibitishi kitu. Refugio alipoolewa hakuwa na cheti cha ubatizo, na padre akaandika majina ya wazazi wake "kama alivyosema mwenyewe". Maneno hayo nimeyasoma kwa macho yangu, na kina Barragán nao wameyasoma.

Basi mwaka 2011, mwezi wa Septemba, Don Abundio Barragán akaamua kubadilisha jiwe la kaburi la ukoo. Huyu ndiye mtoto wa mwisho wa Hermelinda, mzee wa miaka themanini, na ufunguo wa minyororo anao yeye. Tránsito alivaa aproni safi akaenda kumwomba mama yake ahamishwe pale langoni na jina lake lichongwe chini ya majina ya wazazi wake. Kwa haki Don Abundio ni mjomba wake, lakini hakuwahi kuthubutu kumwita hivyo. Mzee alimpa kiti, akampa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Refugio ameshaandikwa, Doña Tránsito," akamwambia. "Alikufa mwaka ishirini na tano."

Sio mtu mbaya. Na ndicho kilichomuumiza Tránsito, kwamba hakufukuzwa, alikaribishwa vizuri kama mgeni. Don Abundio akaongeza kuwa fundi wa jiwe angekuja tarehe ishirini Oktoba. Cheti cha ubatizo kikipatikana kabla ya hapo, jina lingechongwa. Kisipopatikana, tusisumbuane tena.

Alikuja kwangu moja kwa moja. Mimi siku hiyo nilikuwa na vyeti kumi na vinne vya kipaimara vya kupiga chapa na paroko amenisimamia. Nikamfungulia kitabu cha ubatizo nikamwonyesha kwa kidole: Julai mwaka ishirini na sita, unafunua, Julai mwaka ishirini na tisa. Katikati hakuna. Nikamwambia hilo jibu nilishampa miaka iliyopita, sasa anataka nimzae mimi huyo mama yake? Akacheka kidogo, kama kawaida yake. Halafu akakaa kwenye benchi akalia. Sijawahi kumwona Tránsito analia, hata siku ya kumzika mumewe.

"Nikifa mimi, Ubaldina, nani atamtembelea pale ukutani?" akasema. "Wanangu hata hawajui ni kaburi la ngapi. Pale langoni angeombewa hata na wasiomjua."

Niliona haya. Nikasukuma vile vyeti pembeni nikamuuliza ni nani wa upande wa bibi yake bado yuko hai. Akasema ni Chona peke yake, mdogo wake Petra, ana miaka tisini na miwili. Alikuwa Guadalajara kwa binti yake miaka arobaini, na mwaka ule walimrudisha shambani Los Sabinos ili afie kwao, ila kifo chenyewe kilikuwa hakijafika. Je, amemuuliza? Hajamuuliza. Alidhani kichwa kimeshachoka.

Jumapili tukapanda gari la mnunuzi wa maziwa tukaenda. Chona tulimkuta barazani anapukuchua mahindi kwa mkono wa haraka kuliko wangu, sikio moja halisikii, la pili linasikia hata usiyotaka lisikie. Kwanza akadai jibini. Akala, akasema lina chumvi nyingi, akaomba lingine. Tránsito akamweleza habari ya jiwe na Don Abundio na Hermelinda. Bibi akawa anatikisa kichwa tu, mahindi yanamdondoka mapajani.

"Hermelinda alikuwa na mdomo," akasema. "Na walivyokuwa wanapendana na Petra! Komadre huku, komadre kule. Mpaka siku waliyogombania San José."

San José ni sanamu ya mbao ya mtakatifu, mali ya baba mkwe wao. Mzee alipokufa kila mmoja alidai ameachiwa yeye. Hermelinda akashinda, sanamu ikabaki kwake, na toka siku hiyo hawakusemeshana. Habari hiyo tuliijua sote. Mimi lililonishtua ni lile neno komadre. Kwetu mwanamke haitwi komadre hivi hivi kwa kupendwa. Ni mpaka mmoja awe amemshika mtoto wa mwenzake kwenye ubatizo. Watoto wote wa Hermelinda nilikuwa nao kichwani na wasimamizi wao, na Petra hayumo. Yule Refugio wa kwanza alisimamiwa na watu wa Jalostotitlán. Nikamuuliza bibi, wakawa makomadre kwa mtoto gani sasa?

Chona akaniangalia kama vile nimeuliza jua linatokea wapi.

"Kwa mama yake huyu. Mshumaa nilishika mimi, nilikuwa na miaka minane, nta ikanichoma hapa." Akatuonyesha kidole. "Tulikuwa ndani ya ghala la mahindi. Padre alikuja amevaa kama muuza vyungu. Akaandika kwenye kitabu cheusi, amekigeuza miguu juu. Nikamwambia, Padre, kitabu umekishika vibaya. Akasema, mwanangu, ndivyo ninavyotaka mimi."

Tránsito akamshika bibi mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nimeshasimama, natafuta mnunuzi wa maziwa aturudishe mjini.

Maana kitabu cheusi nilikijua. Kiti cha ofisi ni kirefu na meza ni fupi, na taipureta bila kuinuliwa inanivunja mgongo. Mwaka wa kwanza wa kazi nilitafuta kitu kinene cha kuweka chini yake. Nikapata kitabu cha zamani cha kipaimara, kimeandikwa kurasa kumi na moja za mwanzo, zilizobaki tupu. Nilifunua kurasa kama ishirini, nikaridhika kwamba hakina faida, nikakiweka chini ya taipureta. Miaka thelathini sikukigusa tena ila kukifuta vumbi.

Tulifika ofisini bado kuna jua. Tránsito akainua taipureta, mimi nikavuta kitabu, nikakipindua na kukifunua kutoka nyuma. Walikuwemo. Ubatizo arobaini na tatu, kwa penseli, mwandiko mdogo wa mtu anayeandika gizani. Wa kumi na tisa ulisema hivi: "Kwenye shamba la Los Sabinos, tarehe kumi na mbili Novemba 1927, nimembatiza kwa siri Refugio, binti halali wa Crescencio Barragán na Petra Ornelas, aliyezaliwa siku nane zilizopita. Mama wa ubatizo ni Hermelinda Padilla, niliyemweleza wajibu wake na udugu wa kiroho alioingia."

Tránsito aliniomba nisome tena. Nikasoma. Akaomba mara ya tatu, hapo pa binti halali tu. Nikamwomba msamaha, na mimi kuomba msamaha si kazi yangu, maneno yalitoka kwa shida. Yeye akaitazama taipureta, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unampigia mama yangu chapa kichwani," akasema.

Tulicheka mpaka paroko akaja kuchungulia.

Kwa Don Abundio nilikwenda naye, na kitabu chenyewe nimekifunga kwenye kitambaa cha altare. Njiani nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kumwambia kuhusu mdomo wa marehemu mama yake, maneno mazuri kabisa, na Tránsito akanikataza hata moja. Mzee akachukua kioo chake cha kukuzia, akasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Alipofika kwenye jina la Hermelinda kidole kikasimama.

"Alimshika kwa mikono yake," akasema. "Halafu akamkana kwa ajili ya sanamu."

Tránsito akamwambia yamepita, wote wawili wameshakufa, wameshapatana huko. Don Abundio akatikisa kichwa. Kwetu mtoto wa ubatizo akifa, anayemvika sanda ni aliyemsimamia.

"Mama yangu alikuwa na deni la sanda, hakulilipa," akasema. "Nitamvika mimi, mpwa wangu."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Tránsito akafungua ndoo akamkatia mjomba wake jibini.

Kibali cha kufukua kilichukua wiki mbili. Kitambaa cheupe Don Abundio alikinunua mwenyewe, na mifupa alipoifunga ndani yake hakukubali kusaidiwa. Kile kisanduku alikibeba mikononi toka ukutani mpaka langoni, mzee wa miaka themanini, anasimama kila baada ya makaburi matano kuvuta pumzi, na sisi nyuma yake tunasimama naye. Mimi sasa taipureta yangu nimeiwekea matofali mawili.

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, asubuhi, kina Barragán walikusanyika langoni na maua yao ya manjano, mkate na chungu cha atole, uji wa mahindi wa moto. San José naye aliletwa, amewekwa juu ya kiti. Ni desturi yao kwamba baada ya rozari mkubwa wa ukoo husoma majina yaliyo kwenye jiwe, moja moja, na wote huitikia. Miaka kumi na mitano Tránsito alikuwa akiwasikia kutoka kule ukutani, na wakimaliza alitaja jina la mama yake peke yake na kuitikia peke yake. Safari hii alisimama mbele, na aproni yake ya kuku.

"Crescencio," akasoma Don Abundio.

"Apumzike kwa amani."

"Petra."

"Apumzike kwa amani."

"Refugio."

"Apumzike kwa amani."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Refugio," akasoma.

Tránsito alifungua mdomo aitikie kama alivyozoea, lakini hakuwahi. Watu zaidi ya sitini walikuwa wameshaitikia kabla yake.