Mifuko Mitatu Kwenye Kiti cha Rachelle

Watu wengine hununua gari. Polycarpe Mulumba, fundi mitambo mstaafu wa Manika pale Kolwezi, alilipata likiwa vipande ndani ya sanduku la mbao. Mhandisi mmoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia lile sanduku: bodi jepesi la plastiki ngumu, vioo, taa, mfuko wa skrubu, na kitabu cha maelekezo ambacho panya walikuwa wamekisoma kabla yake. Kazi ilikuwa kulivika bodi hilo juu ya chasi na injini ya Volkswagen kuukuu. Mwenye kitabu kizima angemaliza kwa miezi mitatu. Polycarpe alimaliza kwa miaka tisa, na mimi simcheki, maana kurasa walizokula panya zilikuwa za breki.

Mtaani waliliita gari la sanduku. Lilikuwa na viti viwili tu, na kile cha kulia kilikaa kitupu, kwa sababu mke wake alikataa kukikalia. Mama Rachelle huuza samaki wa chumvi sokoni, ana maneno machache, na yanatosha. Alikuwa amemwona mumewe akisukumwa na wapita njia, akivutwa na lori la kwenda Fungurume, na siku moja akirudi nyumbani kwa miguu amebeba usukani. Mwanamke aliyeyaona hayo yote ana haki ya kupanda pikipiki.

Basi parokia ikatangaza kwamba waliotimiza miaka thelathini ya ndoa watabarikiwa pamoja Jumapili ya jubilei. Jioni ile Rachelle aliweka bakuli mezani akatoa hukumu.

"Tata Polycarpe, mi nitapanda mu ile motoka yako mara moja tu, siku ya jubilé. Kama inanipatisha haya mbele ya bamama ba kikundi, kesho yake unaiuzisha. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, mama," akasema Polycarpe. Miaka tisa yote ilikuwa imening'inia kwenye safari moja ya kilomita tatu.

Mtu mwenye akili angeliosha gari akatulia. Lakini ubavuni mwa lile sanduku palikuwa na picha: gari lenyewe likiwa na matairi mapana nyuma, na kando ya dereva mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, anacheka. Polycarpe aliibandua picha ile akaitundika ukutani, akaitazama miaka tisa. Gari lake lilikuwa na matairi membamba. Na yule mwanamke hakuwapo.

Kumlazimisha mwanamke hakuweza. Matairi aliweza kuyatafuta. Stany, fundi wa matairi wa pale barabarani, alikuwa na mawili mapana, pamoja na rimu zake, yaliyotoka kwenye pikapu iliyopinduka.

"Ba pneu hii, tata," Stany alisema akiyapigapiga, "unatia hii nyuma, bantu bote banageuka."

Yakafungwa. Gari likakaa vizuri mno, limeinama kidogo mbele, limetanuka nyuma. Ila sasa kati ya tairi na lile pindo la bodi linalolifunika kwa juu palibaki nafasi ndogo ya kutia shaka. Polycarpe hakuwa mtu wa kubahatisha. Karakana za mgodi zilimlea, na msimamizi wake wa zamani, marehemu Kalumba, alikuwa amemfundisha kwa makofi ya kisogoni kwamba kitu kinachozunguka na kitu kisichozunguka havitakiwi kusalimiana: lazima kidole kipite katikati. Na tena, usipime gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Pima limebeba mzigo wake, barabarani, kwenye mashimo.

Lakini nani atatia kidole pale gari likikimbia? Hapo ndipo Polycarpe alipobuni jambo ambalo mpaka leo linamvimbisha kichwa. Aliingia jikoni akamega bukari, ule ugali wa kwao.

"Weye, bukari iko ya kula!" Rachelle alimfokea. "Haiko ya kupima motoka!"

"Kidogo tu, mama."

Alibandika donge la bukari chini ya kila pindo. Tairi likipanda shimoni litaliponda donge, na unene utakaobaki ndiyo nafasi iliyobaki. Akazunguka mtaa, akarudi, akaenda kunywa maji, akatoka kuangalia. La kulia lilikuwa nene. La kushoto halikuwapo, hata chembe! Akaona giza. Tairi limeligusa pindo mpaka limelipangusa donge! Alikuwa tayari ameshika msumeno alipomwona jogoo akitoka chini ya gari, mdomo mweupe, ametosheka.

Kuanzia hapo bukari ya kupimia ilikorogwa na pilipili.

Ikabaki shida kubwa: mzigo. Upande wa dereva angekaa mwenyewe. Upande wa kulia lazima uwekwe uzito wa Rachelle, na hapo fundi akakwama. Kuna maswali ambayo mume mwenye umri wa kutosha haulizi. Asingeweza kusema, mama, una kilo ngapi, nataka kukupima kwa gari. Angelala kwa Stany. Akakuna kidevu, akafumba macho, akaona jibu limekuja lenyewe: mifuko mitatu ya unga, ya kilo ishirini na tano kila mmoja. Hata hakusita.

Akaiweka mifuko kwenye kiti cha Rachelle na kuifunga mkanda. Akaendesha polepole kuelekea reli, huku barabara nzima ikimtazama mzee aliyekaa wima kando ya unga.

"Tata Polycarpe!" akapaza sauti mama Mukuna, jirani yao. "Umeoa bibi mwingine?"

"Huyu hasemi mingi!" akajibu naye, na huo ulikuwa ujasiri wa mtu aliye mbali na nyumbani.

Alivuka reli mara nne kwa kishindo. Aliporudi, donge la kushoto lilikuwa salama. La kulia lilibaki jembamba. Akalipima kwa kidole cha shahada, hakikupita. Akajaribu cha kati, wapi. Akatazama kushoto na kulia kama kuna mtu, ingawa Kalumba alikuwa kaburini miaka kumi na moja, kisha akaliwekea kidole cha mwisho, kile kidogo. Kikapita kwa shida. Kidole ni kidole, alijiambia. Hivi ndivyo mafundi wazuri wanavyojiharibia kazi.

Jumapili ikafika. Rachelle akatoka amevaa kitenge kipya, kilemba kimesimama. Akafungua mlango mwenyewe, akakaa. Gari likashuka kidogo upande wa kulia na Polycarpe akajifanya hakuona. Wakaondoka. Injini iliimba, breki zilishika, na yeye aliona fahari mpaka akasahau kupumua.

Kwenye reli, gari lilidunda. *Grrrr!* Sauti ikatoka nyuma kulia, na nyuma yake harufu ya mpira unaoungua.

"Ni nini ile?"

"Barabara, mama."

*Grrrr!*

"Barabara njo inanuka vile?"

Polycarpe akasimamisha gari. Bamama watatu wa kikundi cha kanisa walikuwa wakipita na vitabu vya nyimbo, wakapunguza mwendo ili wasipitwe na neno. Akajua gari limekwenda kwa mnunuzi. Miaka thelathini hakuwa amezoea kumdanganya mke huyu, akaeleza yote: matairi, bukari, kidole kidogo, mifuko.

"Ulitia mifuko ngapi pa kiti yangu?"

"Tatu."

"Ya bishirini na tano?" Rachelle akahesabu kimya, kisha akamgeukia mwili mzima, na tairi likalalamika. "Sabini na tano? Mi niko na kilo tisini na sita! Bananipimaka pa dispensaire kila mwezi. Nani alikuambia sabini na tano?"

"Hakuna mutu." Polycarpe alitazama usukani. "Siku ya ndoa mvula ilinyesha, nilikubebaka mu mayi kutoka kanisa mpaka barabara. Ulikuwa mifuko tatu. Mi nilibebaka unga nikiwa mutoto, nilijua sawasawa. Kutoka siku ile sikupimaka tena."

Rachelle akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa tumbo, gari zima likatikisika na kila mtikisiko ukakwaruza tairi, na kila mkwaruzo ukamzidishia kicheko mpaka kilemba kikalegea na machozi yakamtoka. Bamama wa kikundi walisimama kabisa, vinywa wazi.

"Endesha," akasema akijifuta. "Mupole mupole. Bangoje."

Wakafika kanisani kwa mwendo wa mazishi, *grrrr* na vicheko, wakiwa wa mwisho kati ya wanandoa wote. Padri aliwangoja.

Kesho yake Polycarpe aliamka mapema, akalipangusa gari kwa ajili ya mnunuzi yeyote atakayetokea. Ahadi ni deni, na aibu ilikuwa imepatikana mbele ya bamama kama alivyoambiwa. Alikuwa ameinama kwenye taa, rohoni pamemlemea, aliposikia mlango wa kulia ukifunguka. Rachelle alikuwa amekaa kitini na ungo wa maharagwe mapajani. Sahani ya bukari ilikuwa imewekwa juu ya bodi.

"Juu ya nini unaniangalia? Leta musumeno. Acha unga ya batu, pima na miye mwenyewe."

Polycarpe alikata pindo, akalainisha kwa msasa, akabandika bukari, wakaenda mpaka reli na kurudi, mara tatu, maharagwe yakiruka. Mwishowe donge likabaki nene. Polycarpe akanyoosha kidole kidogo.

"Hapana kile," Rachelle akasema. Akashuka, akainama kando ya tairi, akalipima donge kwa kidole chake chenye pete. Kikapita, pete na vyote.

Kisha akarudi kitini kumalizia maharagwe.