Nilidhani Naozwa Mimi

Siku niliyokubali kumwoza mama yangu, nilitoka nyumbani nimejifukiza udi nikidhani nakwenda kuozwa mimi. Nalitanguliza hili mapema ili msomaji asibabaike kama nilivyobabaika mimi. Kubabaika kwangu siku ile kungetosha kugawiwa mtaa mzima, na kila nyumba ikapata fungu lake.

Nilikuwa nimetimiza miaka arubaini, nimeachana na mke, na nakaa na mama Al Khuwair, nje kidogo ya Maskati, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Watu wakiniuliza mbona sioi tena, nilikuwa na jibu langu: siwezi kumwacha mama peke yake. Jibu hilo lilinipatia sifa nyingi. Kila penye hitma au harusi hakukosekana bibi mmoja wa kunishika kichwa na kuniombea dua.

Jumatano moja mama akaniambia, huku akipanga vikombe kabatini, "Jumamosi usende Ghala. Tumealikwa baharini."

Ghala ndiko liliko duka langu la vipuri vya viyoyozi, na ndiko ninakokimbilia nikiwa sitaki kusemeshwa, hata siku ya mapumziko. Nikauliza tumealikwa na nani. Akasema ni mtu wa heshima zake, alikuwa mhandisi bandarini, sasa kastaafu na ana yoti yake. Atakuja na binti yake.

"Uvae ile kanzu mpya," akamalizia, na mlango wa jikoni ukafungwa.

Sasa mtu mwenye akili zake angefahamu nini hapo? Mtu wa heshima, binti, kanzu mpya. Ijumaa baada ya sala mama akaanza kukaanga sambusa, nyingi kupita kiasi, na kila nikipita jikoni ananyamaza. Nikaenda kunyolewa. Kinyozi akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, na wakati huohuo nikamwomba anipunguzie mvi za pembeni.

Jumamosi asubuhi tukafika kwenye gati la yoti upande wa Sib. Mwenye yoti alikuwa mtu mrefu, wa miaka sitini na kitu, mkavu kidogo, na viatu vyake vya turubai vilikuwa vyeupe sana. Binti yake ni mfamasia, na alivaa miwani. Alimwamkia mama kwanza, "Sabalkheri, mama," akamshika mkono na hakuuachia upesi. Nikasema moyoni, huyu kafundwa, anajua mlango wa kuingilia.

Tulipotoka akaja kukaa karibu yangu, akaanza kuniuliza.

"Mama yako hulala mapema?"

"Akishasali Isha tu."

"Na paka, yeye anawapenda?"

"Hawapendi, lakini hawafukuzi."

"Na dawa ya presha anakunywa kabla ya kula au baada?"

Nilijibu yote, lakini nilianza kuingiwa na wasiwasi. Wasichana wa siku hizi humpima mama mkwe kabla ya mume? Mimi hakuniuliza neno. Nikajitolea mwenyewe, nikamwambia duka langu limekwenda vizuri mwaka huu. Akasema, "Mashallah," kisha akauliza kama mama anapata usingizi kwenye chumba chenye kiyoyozi. Hapo angalau nilikuwa mtaalamu, nikazungumza kwa kirefu.

Tukapita mbele ya Matrah, kisha Maskati. Maskati naijua kwa gari, nikiifuata Kornishi, ile barabara ya pwani, kwenda wizarani na karatasi zangu. Kutoka baharini kasri na ngome vilikuwa vimekaa upande nisiouzoea, na nilikodoa macho nisijue ofisi niliyokwenda mara mia imejificha nyuma ya jabali gani. Nikageuka kumwuliza mama. Mama, ambaye hutapika kwenye gari tukivuka milima kwenda Nizwa, alikuwa amesimama karibu na usukani anakula njugu na kucheka mdomo wazi. Sikukumbuka lini mara ya mwisho nilimwona akicheka vile. Nikafikiri labda ni ile dawa mpya ya presha.

Baada ya kama saa mbili tukaingia kwenye kibandari cha kisiwa kidogo. Gati lake la saruji halizidi urefu wa magari mawili. Palikuwa na mashua tatu za wavuvi, kibanda kilichofungwa kwa waya, na mbuzi wawili ambao sijui nani aliwaleta wala wanakula nini. Mwenye yoti akanipa kamba, akaniambia, "Irushe kule, mwanangu." Nikairusha yote, na ncha niliyotakiwa kubaki nayo ikaenda pamoja na nyingine. Tukazunguka tena kuifuata majini. Binti akacheka mpaka akavua miwani, nikajiambia basi, posa imekwisha kufa kabla haijazaliwa.

Tulipokwisha kuifunga yoti, yule mzee akaniomba nitembee naye kidogo gatini. Nikaweka kofia yangu sawa. Nilikuwa tayari na maneno yangu yote: mke wa kwanza tuliachana kwa wema, nyumba ipo, mama ni mtu mpole.

Akasimama, akanisalimia upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, akasema, "Nimekuja kwako kwa heshima. Namtaka mama yako kwa ndoa ya halali, na walii wake, wa kumwoza, ni wewe."

Nikamtazama. Babu yangu mzaa mama alikwisha kufa, na mama hakuwa na kaka. Ni kweli kwamba walii wake ni mimi, lakini sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata dakika moja.

"Mama yangu yupi?" nikauliza.

"Kwani unao wangapi?"

Mkono wangu ukaingia mfukoni kutafuta funguo za gari. Zilikuwepo. Gari lenyewe liko Sib. Nikazishika vilevile, nikamwambia, "Ami, ngoja kidogo," nikarudi kwenye yoti kwa hatua za mtu mwenye shughuli muhimu.

Mama alikuwa peke yake nyuma, anafunua masahani. Binti alikuwa ameshuka kuwaangalia wale mbuzi, na sasa nilifahamu kwamba hata hilo lilipangwa.

"Mbona hukunambia?" nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Ntakwambiaje? Mama ende kwa mwanawe aseme nataka mume? Wapi umeona?"

"Na kwa nini huku, kisiwani?"

"Nyumbani ungechukua gari wende zako Ghala. Nakujua. Hapa wendapi?"

Nilikasirika, na aibu ya kukasirika ikanizidisha hasira. Nikamwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka natamani ningeyameza. Nikamwambia nimekaa naye miaka yote hii ili asiwe peke yake, nimekataa wanawake kwa ajili yake, na haya ndiyo malipo yangu.

Mama akaweka chini sahani ya sambusa. Hakupandisha sauti.

"Huyu ni wa tatu," akasema. "Wa kwanza alikuja mwaka ule ulioachana na mkeo, nikamwambia mwanangu kavunjika moyo, siwezi. Wa pili nikamwambia mwanangu bado. Kila usiku nakungoja na chakula mpaka utoke dukani, na wewe waambia watu wanikalia mie."

Nikakaa chini. Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa yoti, na mimi nilikuwa nahesabu: mwaka ule nilirudi na mabegi mawili, na nikamkuta amekwisha kunitandikia chumba changu cha zamani. Nani aliyekuwa anakaa na nani? Nilitafuta jibu langu la heshima, lile la hitma na harusi, nisilione.

"Baba yako nilimkalia eda miezi minne na siku kumi, nikatoka," mama akasema. "Eda yako wewe mwanangu ina miaka sita, na sijui itesha lini."

Alikuwa anatazama mikono yake. Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa, na kulia sikuweza vilevile, kwa sababu binti alikuwa anarudi na mbuzi mmoja anamfuata. Nikasimama, nikashuka.

Mzee wa watu alikuwa palepale nilipomwacha, amesimama wima juani na viatu vyake vyeupe, na niliona kwamba anaogopa. Ananiogopa mimi. Nikampa mkono, nikamwambia nimekubali na Mungu atie baraka. Akasema alhamdulillahi mara tatu. Mkono wake sikuuachia. Mtu mzima mimi, mwenye duka na mvi za pembeni, nikamwuliza kama siku za Ijumaa ataniruhusu nije kula kwao.