Kidole Kimoja Upande wa Dereva

Mdogo wangu alikuwa chini ya pikapu ya baba, miguu tu ndiyo inaonekana, na baba amechuchumaa pembeni akimmulikia kwa tochi ya simu. Magoti ya baba ni mabovu. Sijawahi kumwona akichuchumaa kwa ajili yangu.

Pua ya gari ilikuwa imeshuka. Miaka ya kubeba tumbaku kutoka Usoke na asali kutoka Kaliua ilikuwa imevichosha vile vyuma viwili virefu vinavyobeba mbele badala ya springi. Kila upande una boliti yake. Ukiikaza, gari linanyanyuka. Hayo niliyajua. Nimesomea uhandisi miaka minne, na hesabu ya chuma kinachojipinda naweza kuiandika hata sasa. Ila aliyeitwa ni mdogo wangu, aliyeishia kidato cha nne akaingia gereji.

Msimu wa tumbaku ulikuwa unakaribia, na baba alikuwa ametutangazia mezani kwamba mwaka huu atachukua mmoja wetu wa kuzunguka naye, aijue kazi, awajue wakulima. Mmoja. Nilikuwa na mwaka na nusu nyumbani, barua zangu za kuomba kazi hazijibiwi. Kile kiti cha kushoto, kando ya dereva, nilikitaka kuliko nilivyowahi kuitaka digrii.

"Injinia, mbona umesimama kama mgeni?" mdogo wangu aliniita kutoka chini. "Nipe spana ya kumi na tisa."

Niliwaza kama anaihitaji kweli au ananipima. Nikampa ya kumi na saba.

"Msomi wetu anahesabu kwa kurudi nyuma," baba akasema, wakacheka wote wawili. Nikaingia ndani kujifanya natafuta maji.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Mdogo wangu aliitikisa pua ya gari, akalisukuma mbele na nyuma, kisha akapitisha vidole kati ya tairi na madigadi, kushoto na kulia. Hakutumia futi. "Tayari, mzee."

"Umefanya kazi, baba," baba akamjibu. Humwita baba kwa kuwa amerithi jina la babu. Mimi ni msomi tu.

Kesho yake, Jumapili, walipokwenda misa ya kwanza nilisema tumbo linaniuma. Nilichukua futi kamba nikapima. Upande wa kulia, wa dereva, ulikuwa juu zaidi kwa karibu sentimita mbili. Nilipima mara kumi na moja, nikitumaini kila mara kwamba kosa lipo na nikiogopa kwamba halipo. Nikajiambia ni suala la usalama. Nikailegeza boliti ya kulia mpaka pande zote zikalingana kabisa. Nilijisikia vizuri kwa kama dakika tano.

Baada ya misa baba alitaka kulijaribu gari kwenye njia ya zamani ya misafara, kule lami inakoishia. Niliwahi kiti cha kushoto; mdogo wangu akaruka nyuma. Korongo la kwanza tu, tairi la kulia likasugua madigadi kwa sauti ya kukereza. Baba akasimamisha gari, akamgeukia mdogo wangu.

"Kazi gani hii sasa? Si ulisema upande wangu unaupandisha kidole kimoja kwa sababu ya huu mwili wangu?"

Ndipo nilipoelewa. Baba ana zaidi ya kilo mia. Nilikuwa nimelipima gari bila yeye ndani.

Mdogo wangu aliinama uvunguni. Alikuwa ameichora boliti mstari wa rangi nyeupe, na mstari ulikuwa umegeuka. Akaniangalia kidogo tu.

"Nilikosea, mzee. Nitarekebisha."

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisuta. Kilichonipanda ni wivu uleule, mkali kuliko wa jana: hata kunisitiri ananishinda! Sikutaka awe na hilo pia.

"Ni mimi, baba. Niliilegeza asubuhi."

Baba akanigeukia. "Kwa hiyo tumbo lilikuwa haliumi."

"Halikuwa linauma."

"Ulipima kwa futi, kaka?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Alicheka mpaka akashikilia boneti. Baba hakucheka. "Mpe spana," alisema. "Akaze hapahapa, nikiwa nimekaa."

Nililala chali kwenye vumbi, na shati langu la Jumapili, uzito wote wa baba ukiwa juu yangu. Boliti ilikuwa ngumu mno. Mdogo wangu alikuwa nje, vidole vyake kwenye tairi. "Bado. Bado, kaka. Robo tena. Hapo."

Nilipotoka, mdogo wangu alikuwa bado amesimama. Hakukigusa kiti mpaka baba alipomfungulia mlango wa kushoto kutoka ndani. Mimi nilipanda nyuma. Kupitia kioo niliona baba akimweleza jambo, mkono ukielekea mashambani, naye akiitikia kwa kichwa. Nilijaribu kusoma midomo yao njia nzima.