Kikombe Alichokipitisha Saveta

Saveta Mociran alizaliwa katika nyumba ambamo hakuna aliyegusa kijiko kabla baba hajavua kofia na kuombea chakula. Alibatizwa mtoni akiwa msichana, mwezi wa Aprili, maji ya baridi yakimgonganisha meno, na alipoinuka alisema mbele ya kijiji kizima kwamba maisha yake ni ya Mungu, yote. Alisema kweli. Ila baadaye aliolewa, akahamia mjini, akapata kazi kwenye kiwanda cha sweta, na mjini hakuna aliyemwuliza habari za mtoni.

Nilimjua vizuri kwa sababu tulikaa jengo moja, mimi chini, yeye juu yangu. Miaka ile ya utawala wa chama kisichomtambua Mungu, kuomba hakukukatazwa wazi. Lakini aliyejulikana kuwa mlokole alibaki pale pale alipoanzia, na kila aliyepita alimtania. Saveta alikuwa na mikono myepesi na kichwa kizuri cha kazi. Alipandishwa, akapandishwa tena, mpaka akawa msimamizi wa zamu. Jumapili hakusali kanisa la mjini, alipanda basi hadi kanisa la kijijini kwao. Alikaa benchi la nyuma, na wimbo wa mwisho ukianza tayari mkoba uko mkononi. Wenzake kiwandani aliwaambia anakwenda kumwona mama yake. Mama yake alikuwa amezikwa nyuma ya kanisa hilo hilo, kwa hiyo Saveta alijiambia kuwa si uongo kabisa.

Majira ya kupukutika majani, kiwanda kiliajiri binti wa kijiji hicho, Lidia Crainic, akapangwa zamu ya Saveta. Lidia alimjua Saveta tangu utoto, lakini alipoona dada huyo anajifanya hamjui, alinyamaza na kumwita "msimamizi" kama wengine. Ila mchana, kwenye kantini, Lidia aliinamisha kichwa juu ya supu yake ya kabichi, akafumba macho, akaomba kama alivyozoea nyumbani.

Ndugu Pârvu, mkubwa wa chama pale kiwandani, alipenda kuzungukazunguka kati ya meza wakati wa chakula. Alisimama nyuma ya Lidia.

"Binti, supu ina nzi?"

"Hapana, ndugu. Nashukuru tu."

"Unamshukuru nani? Kabichi hii kaipika Tincuța."

"Na Tincuța nimeshamshukuru, pale dirishani."

Wanawake walicheka, na safari hii kicheko kilimwelemea Pârvu. Hakukipenda. Akageuka kwenye meza ya wasimamizi.

"Saveta, huyu si yuko zamu yako? Nasikia hata kijiji ni kimoja. Hebu tuambie, kazi inakwenda kwa maombi?"

Vijiko vilisimama. Saveta angeweza kusema kwamba kazi ya binti ni safi, maana ilikuwa safi. Angeweza hata kutafuna mkate na kuinua mabega. Lakini alihisi macho yote yamemgeukia, na hofu yake ikatafuta mlango wa karibu.

"Mwache aombe, ndugu Pârvu," alisema. "Kwa anavyofuma yule, bila muujiza hakuna sweta itakayotoka na mikono miwili."

Kantini nzima ilipasuka kwa kicheko. Pârvu alimpiga Saveta begani, akaendelea na safari yake. Saveta naye alicheka. Ndipo macho yake yakakutana na ya Lidia. Lidia hakukasirika. Alitazama pembeni upesi, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mtu mzima hajavaa.

Juma lililofuata Lidia alitolewa kwenye mashine za kufuma, akapelekwa kwenye chumba cha kutia rangi, kwenye mvuke na madawa. Sababu aliyopewa ilikuwa fupi. Hata msimamizi wake mwenyewe amesema hajui kufuma.

Saveta alianza kutafuta namna ya kulipa. Alipata kokwa za jozi kutoka kwa shemeji yake, akampelekea Lidia. Alipata chupa ya mafuta, na mafuta wakati ule yalikuwa shida kweli, akaenda kumsubiri Lidia kwenye mlango wa chumba cha rangi.

"Dada Saveta, mafuta haya ni ya nini?"

"Ya kupikia."

"Ya kupikia najua. Ni ya nini?"

Saveta alitazama viatu vyake. Lidia akaichukua chupa, kwa kuwa nyumbani walikuwa wengi, akasema asante, akarudi ndani. Saveta aliniambia baadaye kwamba ile asante ilimchoma kuliko tusi.

Ikaja Jumapili ya Meza ya Bwana. Lidia alichelewa basi, akaingia wimbo ukiendelea, akakaa palipokuwa na nafasi, benchi la nyuma, ubavuni mwa Saveta. Kule kijijini kikombe ni kimoja, na hupita mkono kwa mkono. Kilipofika benchi lao Lidia alikunywa, akakifuta ukingo kwa kitambaa, akamgeukia jirani yake na kumpa. Kucha zake zilikuwa za bluu mpaka kwenye nyama, na bluu ile haikutoka kwa sabuni. Saveta alikipokea kikombe na kukishika. Akaangalia divai, akaangalia vile vidole, kisha akampa mama aliyefuata bila kunywa.

Kanisa la kijiji ni dogo, kila mtu aliona. Watu walipotoka, ndugu Teofil, mchungaji, mzee mfuga nyuki ambaye ndiye aliyembatiza Saveta, alibaki anakusanya vitabu vya nyimbo polepole mpaka wakabaki wawili. Saveta alimwambia yote, mpaka ule mzaha neno kwa neno.

"Nimesikia," alisema Teofil. "Na Mungu alisikia kabla yangu. Sasa unataka nini kwangu?"

"Nipe adhabu. Jumapili ijayo nisimame mbele ya kanisa niseme nilivyofanya."

"Mbele ya kanisa utalia, kina mama watakukumbatia, utapanda basi ukiwa mwepesi. Hapa kila mtu ni jasiri, mwanangu. Kwani hapa ndipo ulipocheka?"

Saveta akasema, "Wataninyang'anya zamu."

"Huenda."

"Na Octav?" Huyo ndiye mumewe, ambaye kanisani alionekana siku ya Pasaka tu.

"Octav simjui moyo. Wewe nakujua. Pale mtoni hukumpa Mungu Jumapili zako tu. Ulisema yote, na shingo yako ilikuwa mkononi mwangu uliposema."

Alimkasirikia mzee yule kwa siku nyingi. Tulipokutana kwenye ngazi aliniambia, "Kwake rahisi. Yeye ana nyuki. Nyuki hawaitishi mikutano." Lakini kiwandani alikuwa akizunguka ghala zima ili asipite mlango wa chumba cha rangi.

Kisha mchana mmoja, kantini ikiwa imejaa, aliweka sahani yake mezani na hakukaa.

"Ndugu Pârvu," aliita, na sauti ikatoka nyembamba. "Nilisema uongo juu ya Lidia Crainic. Anafuma vizuri kuliko wengi wetu. Nilisema vile ili msije mkajua kwamba na mimi ni mlokole. Tangu msichana."

Kisha mwanamke wa meza ya pili akauliza, "Saveta, shoga, umekunywa?"

"Atakunywaje?" mwingine akadakia. "Ndiyo maana kwenye harusi hagusi glasi. Na mimi nilidhani ni ini."

Wakacheka, na safari hii kicheko chote kilikuwa juu yake. Uso uliwaka mpaka masikioni. Pârvu hakufoka. Alisema, "Kaa chini, Saveta, supu inapoa," kwa sauti ya mtu aliyeshaamua. Saveta akakaa, akainamisha kichwa aombe, na maneno yote aliyofundishwa na baba yake yakampotea. Alipata moja tu, asante, akalisema, akashika kijiko.

Zamu ilichukuliwa. Alipelekwa kuosha sufu, kazi ya wanaoanza. Octav alinung'unika majira yote ya baridi, kisha akachoka. Lakini Lidia hakurudishwa kwenye mashine. Maneno ya Saveta yalitosha kumshusha, hayakutosha kumpandisha. Kabla baridi haijaisha, binti aliolewa, akahamia mji wa Timișoara na kucha zake za bluu.

Tangu hapo Saveta aliishi waziwazi. Aliomba mezani, aliimba akiosha sufu, aliwatembelea wagonjwa baada ya kazi, na Tincuța wa jikoni alianza kumjia kwa siri amwombee mwanawe aliyekuwa jeshini. Hakukwepa tena wimbo wa mwisho. Ila hakuwahi kuitembeza habari ile kama ushuhuda. Serikali ya chama ilipoanguka na vijana wa kanisa wakawa wanatafuta watu wa kusimulia mateso, walimfuata.

"Waiteni walioteswa," alisema. "Mimi nilikuwa meza ya waliocheka."

Alikutana na Lidia mara moja tu, kwenye mazishi ya ndugu Teofil. Waliwekwa pamoja kumenya viazi vya chakula cha wafiwa. Saveta alimwomba msamaha pale pale, kisu mkononi.

"Kukusamehe nilikusamehe mapema, dada," alisema Lidia. "Kukupenda ndiko kulikochelewa."

"Kumefika?"

"Kumefika. Lini, sijui. Nipe hicho kikubwa, wewe unakimenya vibaya."

Nilikuwa nimemsindikiza Saveta kwenye mazishi, tukarudi basi moja. Nilimwuliza kama sasa moyo wake umetulia. Alisema haujatulia wote, bado akikumbuka ile kantini hutamani ardhi ipasuke. "Lakini hata huo ambao haujatulia ni wa Mungu," alisema. "Nilishaacha kumpa kipande tu." Kisha akaniuliza kama nimekumbuka kununua mkate.